Sweta Sita, Shingo Moja

Mama,

Nimechukua daftari ya Wawira ya mwaka jana, ile ya hesabu. Imebaki na kurasa nyingi safi nyuma, nikaona nikuandikie humo. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliachia darasa la tano, na tangu siku hiyo kalamu naishika nikiandika jina la mtoto kwa kitabu cha kliniki, basi. Nikikosea mahali, wewe soma tu vile ulikuwa unanisikiliza, ukingoja nimalize.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilikuwa chetu. Nilipoolewa huku Runyenjes kutoka Kianjai nilikuja na Kimeru cha Tigania, nikakupata na Kiembu chako. Maneno mengine yalisalimiana, mengine yakagombana, na siku ya tatu ukaweka sufuria chini ukasema, "Wacha tuongee cha soko." Basi cha soko kikawa cha jikoni. Tulikiharibu vile tulitaka na hakuna mtu alitusahihisha.

Na bado nakuita Mama. Watu wengine wote walikuita Cucu, yaani nyanya, baada ya Wawira kuzaliwa, lakini mimi sikuweza, kwa sababu wewe ulianza kuniita mimi Mama. Huyo msichana wangu alipewa jina lako, na kwenu huku mtoto akichukua jina lako amekuchukua wewe mzima. Kwa hivyo nilikuwa nimekuzaa. Ulikuwa unafika kwa mlango wetu pale mjini, unavua viatu, unasema, "Mama, nimekuja kunyonya," na mimi najua unataka chai. Kila mmoja wetu alikuwa mama ya mwenzake. Sasa nikisema Mama ndani ya nyumba hakuna mtu anaitika, isipokuwa Wawira, mara moja moja, akicheza. Hapo roho yangu inaruka.

Wacha nikupe habari kwanza. Tangu tukuzike mwezi wa nne, ng'ombe wako amezaa, ndume. Marigu binti yako amerudi kukaa kwako ili nyumba isibaki peke yake, na anasema kuku wako hawamtii. Mvua ilikuwa nyingi, kaburi likadidimia kidogo upande wa miguu, Njiru mwanao akaongeza udongo. Bado anabeba majani chai kwa pikipiki mpaka kituoni. Akipita kwako anasimama lakini hazimi injini. Anakaa juu ya pikipiki ikinguruma, kama mtu anayengoja utoke umtume sukari. Nilimwambia azime ashuke, akasema atazima siku nyingine. Sijamwambia tena.

Sasa ni mwezi wa saba na baridi imefika, ile ya ukungu wa kuingia mpaka ndani ya nyumba. Mimi bado ni yule yule wa kuogopa. Mtoto akikohoa mara mbili naweka sikio mgongoni. Ulikuwa unaniambia, "Mama, huyo ni mtoto, si redio, wacha kumsikiliza." Lakini kifua cha Wawira wewe pia ulikiogopa. Alipolazwa akiwa na mwaka mmoja na miezi minane ulikaa kando ya kitanda siku nne, na tulipotoka ukaenda moja kwa moja kununua uzi. Hukuwa umefuma sweta tangu ujana wako. Ulisema, "Huyu hataguswa na baridi tena mimi nikiwa hai."

Na hapo ndipo ninataka kufika, Mama. Kwa sweta. Nimezunguka sana kwa sababu naogopa.

Mtu mwingine angemwita mtoto ampime. Wewe ulijipima wewe. Nakuona umesimama katikati ya nyumba umeshika kamba, unaizungusha kifuani kwako, unaikunja mara mbili, unafunga fundo. Mkono wako, nusu. Mgongo wako, nusu. Shingo yako, nusu. Nikakuuliza, "Si nikuletee mtoto?" Ukaniangalia ukanihurumia. "Wa nini? Si mimi ndiye yeye? Nusu yangu ndiyo yeye mzima."

Na kusema ukweli ulikaribia. Mikono ilifika, kifua kikakaa. Lakini kichwa, Mama. Mtoto hazaliwi na nusu ya kichwa. Kichwa cha mtoto kinakuja karibu kizima, mwili ndio unakifuata polepole.

Siku ya Krismasi, akiwa na miaka miwili, ulimvalisha ile ya kwanza, nyeupe, mbele ya watu wote. Ilishuka mpaka paji la uso ikakwama. Mikono ilikuwa imeingia na imesimama juu, kichwa kimepotea ndani, na Wawira akaanza kukimbia hivyo hivyo, akagonga mlango, akagonga goti la Njiru, akarudi akagonga mlango tena. Marigu alicheka mpaka akakaa chini. Ukavuta, nikavuta. Alipotoka nywele zilikuwa zimesimama na analia kwa hasira. Na wewe ukaigeuza ile sweta huku na huku, ukasema, "Hii sweta haina makosa. Hicho kichwa ndicho kimetoka Kianjai."

Nikakujibu, "Mama, kichwa cha Kianjai kina vitu ndani, hakiwezi kuwa kidogo."

"Kina maneno ndani," ukasema, na watu wakacheka upya.

Ikawa ndiyo jina lake. Ukimwona anakuja kwa mbali unaita, "Kichwa cha Kianjai, kuja hapa," na anakuja mbio. Ulikuwa unasema kwa kupenda, hilo najua. Lakini mimi ilikuwa inanichoma kidogo, hapa chini ya mbavu. Sikukuambia. Ningekuambia aje? Mtu hamwambii mama ya bwanake kwamba mzaha wake unauma.

Mwaka uliofuata ukafuma ya pili, ile rangi ya damu ya mzee, ukampa Njiru ailete. Nilimvalisha Wawira asubuhi ya Jumapili. Ilipita paji, ikapita macho, ikafika masikioni ikakataa. Masikio yalikunjika. Nikaitoa, nikaiweka kwa gunia juu ya kabati. Mchana tukaja kwako, na kabla sijakaa ukauliza, ukiwa umegeukia moto, hukuniangalia, "Sasa inaingia?"

Nikasema, "Inaingia, Mama. Inaingia vizuri."

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema hivyo. Ningependa kukuambia ni heshima. Na heshima ilikuwepo, vidole vyako vilikuwa vimevimba kwa zile sindano na sikuweza kukupa kazi tena. Lakini si heshima peke yake. Nilijua nikisema haiingii, kichwa cha Kianjai kitarudi, na watu watacheka, na mimi nitacheka nao. Nilichoka kucheka. Basi nikasema inaingia.

Ukashusha mabega. Nakumbuka hilo, mabega yakishuka. Ukasema, "Sawa. Basi nimeishika."

Na kweli uliishika. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Kila mwaka uliongeza kifua vidole viwili, mikono vidole viwili, na shingo ukaiacha pale pale niliposema ni sawa. Zikija naziweka kwa gunia. Tukija kwako Jumapili namwekea Wawira sweta mabegani, nafunga mikono ya sweta kwa mbele, nasema, "Amesikia joto, ameivua sasa hivi." Mwezi wa saba, Mama, na ukungu uko mlangoni. Na uliniamini.

Na kuna kingine. Kila mwaka Wawira akijaribu sweta mpya na ikikwama, nilimwambia maneno ambayo leo yananirudia. Nilimwambia, "Usimwambie Cucu. Kichwa chako ndicho kikubwa kidogo. Tungoje." Nilifikiri nalinda moyo wako. Sikuangalia namwekea nini mtoto.

Siku ya mazishi nilimvalisha sweta ya mitumba. Marigu akamuuliza pale wamama walikuwa wanapika, na hakuwa na ubaya, "Mbona hujavaa ya cucu wako leo?" Wawira akajibu kwa sauti, "Kichwa changu ni kikubwa." Wamama wakacheka, kile kicheko cha watu waliochoka kulia. Mimi pia nikacheka. Nilicheka, Mama, ili Marigu asiendelee kuuliza.

Tulirudi mjini, siku zikaenda. Wiki tatu zilizopita nilikuwa namchana nywele aende shule, nikaona mstari kwa paji la uso. Umezunguka mpaka nyuma ya masikio, umeingia ndani ya ngozi kama alama ya kamba. Unanijua. Nilishaona hospitali, nilishaona mambo mabaya zaidi. Nikamuuliza ni nini, akaangalia kitandani. Nikainua mto wake, nikapata kitambaa chako cha kichwa, kile cha maua ya buluu Marigu alinipa baada ya mazishi. Alikuwa anakifunga akilala. Anakikaza na meno.

"Nakikaza ndio kipungue," akasema. "Kikipungua sweta za Cucu zitaingia. Cucu alifuma nyingi na sikuvaa hata moja." Kisha akaniuliza vile mtu anauliza saa, "Kwani kitapungua lini?"

Nilikaa kwa kitanda nikiwa na kitana mkononi. Nilimwambia kichwa chake ni kizuri, hakina shida yoyote. Hakuniamini. Angeniamini aje, na ni mimi nimemwambia miaka yote kwamba ni kikubwa? Nikaona maneno yangu yameisha nguvu. Lazima kichwa kipite kwa sweta, yeye mwenyewe akiona.

Nikashusha gunia, nikapanga zote sita kitandani. Nne za kwanza ni ndogo, hata kifua hakiingii tena. Ya njano, ile ya tano, na ya kijani, ya sita, ile ulifuma kwa rangi ya shule, hizo mwili wake bado unaingia. Nikachukua ya njano na makasi ya jikoni. Niliomba kwanza. Kisha nikakata shingo kwa mbele, vile ungekata shati.

Mama, sikujua. Mimi najua kroshia ya vitambaa vya viti, sikujua sweta. Uzi wa sweta ni mmoja, unajishika wenyewe kwa wenyewe, na ukikata mahali pamoja wote unaachiliana. Niliona macho ya uzi yakifunguka moja moja, yanashuka kifuani, nikibana hapa panafunguka pale. Niliishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia damu. Nikasikia ninasema, "Nisamehe, nisamehe." Wawira alikuwa mlangoni ananiangalia. Siku hiyo nilimshika shingo kumpima joto mara sijui ngapi. Si unajua akili yangu: wewe ni yeye, na mimi nimekata nguo yako. Lakini hakuwa na joto. Alikula mukimo sahani mbili akaenda kucheza.

Kesho yake nikabeba ile ya kijani mpaka kwa fundi Nyaga, yule mzee wa kushona yunifomu karibu na soko. Wawira nilienda naye. Fundi akaiinua, akaingiza ngumi yake kwa shingo, ngumi ikabanwa.

"Aliyefuma hii alikuwa anapima chupa?"

"Alikuwa anajipima mwenyewe," nikasema. "Shingo yake, nusu."

"Na kichwa alikigawanya na nani?"

Nilitaka kukasirika kwa niaba yako, lakini nilikuona kabisa vile ungemjibu, nikashindwa. Nikamweleza mtoto ni wajina wako, na kwamba ulifuma kwa mapenzi. Akasema hiyo ameona, mkono ni safi, hakuna jicho lililoruka. Alisema hivyo, Mama, na huyo mzee hasifu watu. Kisha akavuta futi kutoka shingoni mwake akamwambia Wawira, "Leta hicho kichwa."

Wawira akarudi nyuma akashika sketi yangu. "Ni kikubwa," akasema.

"Nani alikuambia?"

Wawira aliniangalia tu mimi, akanyamaza, vile nilimfundisha kunyamaza.

Fundi hakuuliza tena. Akazungusha futi kwa kichwa chake mwenyewe, akabana na kidole gumba, akamwonyesha. Akazungusha kwa kichwa changu, akamwonyesha. Halafu akainama akazungusha kwa cha Wawira, na kidole kikarudi nyuma vidole vitatu. "Hiki ni kichwa cha mtoto wa miaka saba," akasema. "Nimeshonea watoto wa shule hii yote. Viko hivi." Kisha akazungusha ile futi kwa shingo ya sweta, na hapo hata mtu asiyejua nambari angeona.

Wawira akashika futi mahali fundi alikuwa amebana. Akaangalia sana, kwanza kichwa, halafu shingo. Akasema, "Kumbe ni shingo."

Halafu akageuka. "Sasa mbona ulisema ni kichwa?"

Kulikuwa na wateja wawili kwa benchi. Fundi akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Mimi nikataka kusema twende tutaongea nyumbani. Nimesema hivyo maisha yangu yote, twende tutaongea nyumbani, na nyumbani hatuongei. Nikachuchumaa nikamwambia pale pale. "Niliogopa kumwambia Cucu amekosea. Nikamdanganya. Halafu lile kosa nikakuwekea wewe."

Akafikiria. "Cucu angekuchapa?"

"Hapana."

"Angelia?"

"Sijui. Labda angecheka."

"Angefumua," Wawira akasema, "aanze tena."

Mama, ilikuwa ni kama ni wewe umesema.

Fundi alinifundisha vile inafanywa. Aliweka gazeti chini ya sweta ili mashine isimeze uzi, akapitisha mistari miwili iliyokaribiana, kutoka pindo la chini mpaka shingoni, na mwingine wa kuzunguka shingo yenyewe, mbali na ukingo wako. Akararua gazeti akatoa vipande. Kisha akanipa mimi makasi. "Kata katikati ya mistari, na shingo hii ya zamani uitoe juu ya ule mstari wa kuzunguka. Haitakimbia, nimeifunga pande zote." Nilikata nikiwa nimefumba jicho moja. Haikukimbia. Ilifunguka mbele kama koti. Akasema ukanda wa vifungo na shingo mpya nitengeneze kwa mkono wangu, mashine haiwezi kuvuta kama mkono. "Tafuta uzi wenye ukoo na huu," akasema.

Nikaamua kufumua ile ya damu ya mzee, kwa sababu njano na kijani mwalimu angenirudishia mlangoni. Sweta inafumuliwa kuanzia mahali ilimalizikia, na wewe ulimalizia shingoni. Nikatafuta fundo lako la mwisho, nikalifungua, nikaanza kuvuta. Na uzi uliotoka hapo ulikuwa umechakaa. Umetoa manyoya, umekuwa mwembamba, una mafundo mahali ulikatika ukaungwa. Nikafikiri ni panya. Lakini nilipofika mabegani uzi ukawa mzima, laini, kama umetoka dukani juzi. Nikachukua ya tatu nikaangalia shingo: uzi safi. Ya nne, safi. Ni hiyo moja tu.

Marigu akaja Jumamosi na maziwa nikamwonyesha. Akashika ule uzi akautambua.

"Si hii shingo Mama aliifumua karibu mwezi mzima? Anafuma, anafumua, anafuma. Alikuwa anasema yeye haoni kichwa cha mtoto akilini, anaona chake tu. Mpaka ile Jumapili ulimwambia inaingia. Ndio akatulia." Akacheka kidogo. "Alisema, huyu wa Kianjai hana uongo. Akiniambia inaingia, inaingia."

Basi nikamwambia Marigu yote. Gunia, Jumapili, joto la mwezi wa saba. Akazishika zile sweta moja moja pale kitandani.

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Mama angekucheka mpaka afe," akasema, halafu akasikia alichosema akafunika mdomo, na tukalia sisi wawili, tukicheka katikati, mpaka maziwa yakafurika jikoni.

Sijui niweke wapi jambo hili, Mama. Nimeligeuza kila upande. Neno langu moja lilikupa utulivu, na neno hilo hilo likakufanya ukosee mara nne zaidi, ukiwa na furaha, ukiwa na hakika. Nilikuwa nasema moyoni wewe ni mgumu, hushauriki. Kumbe ulikuwa unangoja mtu akuambie. Mwezi mzima unafumua, unangoja niseme tu, Mama, ongeza vidole vitatu. Ungeongeza. Na Wawira angevaa sweta zako ukimwona. Hilo ndilo linaniuma kushinda mengine, kwamba hukumwona. Naomba msamaha. Nimeandika hivyo mara moja tu kwa sababu nikiandika mara nyingi nitachafua karatasi.

Ule uzi tuliuzungusha kwa mgongo wa kiti, tukauosha kwa maji ya vuguvugu na kuuanika na chupa ya maji imening'inia chini, ili ule mkunjo utoke. Wawira alinishikia mikono nikiuviringisha. Ule uliochakaa sikuutupa, niliuchanganya na ule mzima, ukashika. Ukanda ulinichukua siku tano. Umepinda kidogo upande wa kushoto na matundu ya vifungo hayalingani, lakini vifungo vinaingia. Mikono ya ile ya njano nimeikata, baada ya fundi kuifungia mstari, imekuwa soksi ndefu za kulalia. Ya tatu na ya nne nimempa Marigu kwa yule mtoto wa jirani yake wa miaka minne. Tulizifungua shingo begani tukaweka vifungo viwili viwili, na tulimpima yeye mwenyewe kwanza.

Jumatatu Wawira akavaa ile ya kijani. Nilimwambia hii inafunguka mbele, ingiza mikono tu. Akakataa. Akailaza kitandani, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akaiinua akaingiza kichwa. Nilisimama nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda. Kichwa kikapita. Masikio hayakukunjika. Akatoka upande wa pili, akavuta mikono vizuri, akaivua, akaifungua vifungo vyote, halafu akaivaa kama watu.

Tulipofika getini mwalimu wake akauliza mbona sweta ya shule ina ukanda wa damu ya mzee. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na jibu refu la heshima. Wawira akanitangulia.

"Cucu alikosea shingo, Mama akanyamaza, fundi akakata."

Hivyo tu. Mkono wangu ulishainuka kumfunika mdomo, Mama, kwa sababu hakuna mtu katika nyumba yetu aliwahi kusema hayo maneno, Cucu alikosea, hivyo kwa sauti, mchana, mbele ya mwalimu. Halafu nikaushusha. Ulikosea shingo. Mimi nilinyamaza. Hakuna kitu kilianguka. Mwalimu akagusa ule ukanda akasema mradi ni kijani, akamwambia aingie darasani, baridi ni kali. Naye akaingia akiruka, kichwa wazi, bila kofia wala kitambaa.

Nakuahidi hivi, na naandika polepole ili nisikosee. Huyu mtoto akiniambia kitu hakimwingii, nitaamini yeye kwanza, hata aliyekitengeneza awe ni mtu ninayemheshimu namna gani. Akiniambia ni mimi nimekosea, nitakaa chini nifumue. Sitamfundisha kunyamaza tena. Nikisahau, najua sasa ataniambia mwenyewe.

Pumzika, Mama. Vidole vyako vipumzike.

Ni mimi,
Karimi